Orodha ya Manjano

Nyabiyonza,
10 Machi 2025

Kwa Bi. Kokwijuka,
Mtengeneza tovuti, Kayanga.

YAH: ORODHA YA VITUO KATIKA TOVUTI YA KIKUNDI CHA KAHAWA NJEMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Binti yangu, salamu kutoka kwetu nukta Kamati imeiona tovuti na imeipenda. Mwenyekiti wetu, Mama Evangelina, amesema picha za kahawa mbivu zimetulia. Mimi kama Katibu, ambaye ndiye nitakayekuwa naita lori la kiwanda kwenda kituoni kila siku ya mavuno, nina jambo moja tu.

Nikigusa kile kisanduku cha kuchagua kituo, inafunguka orodha ya vituo. Orodha hiyo ina herufi nyembamba za kijivu juu ya weupe, ndogo kama mchanga. Haifanani na ukurasa mwingine wote. Naomba iwe ya manjano iliyokolea, herufi nyeusi, nene, kubwa. Hizo ndizo rangi za kikundi nukta

Nadhani ni kazi ya dakika chache. Naomba unijibu kwa maandishi na si kwa simu, kwa sababu mambo ya kikundi lazima yabaki na kumbukumbu.

Wako katika ujenzi wa kikundi,
Projest
Katibu


Kayanga,
12 Machi 2025

Shikamoo Mzee Katibu,

Nimefurahi kwamba kamati imeipenda. Kuhusu orodha, ngoja nikueleze mapema ili tusisumbuane.

Kile kisanduku chenyewe ni changu. Naweza kukipaka manjano, kukiviringisha kona, kukipa herufi nene, na nimeshafanya hivyo, angalia leo. Lakini ile orodha inayofunguka ukikigusa siyo yangu. Inaletwa na kivinjari, yaani hiyo programu ya kufungulia tovuti, kikishirikiana na simu yenyewe. Mimi nakipa majina ya vituo tu. Herufi ziwe za ukubwa gani, rangi gani, nafasi kiasi gani, haniulizi mtu. Nikiandika “manjano”, kwenye kompyuta yangu inakubali nusu, kwenye simu inanipuuza kabisa.

Siyo orodha tu. Kile kitufe cha kupakia picha ya hati kinaandika Kiingereza kwenye simu ya Mwenyekiti na Kiswahili kwenye yangu, na siruhusiwi kugusa maneno yake. Kalenda inaanza na mwezi kwenye simu moja na tarehe kwenye nyingine. Wote tunaofanya kazi hii tunalalamikia mambo hayohayo miaka nenda rudi. Kuna kivinjari kimoja kimeanza mwaka huu kulegeza kidogo, ila simu za wanachama wenu ni za zamani, hazitaona mabadiliko hayo leo wala kesho.

Naomba tuiache kama ilivyo. Watu wameizoea kwenye tovuti nyingine. Anayeona maandishi ni madogo ayakuze kwa vidole viwili.

Halafu Mzee, barua yako ina neno “nukta” mahali pasipo na sababu. Sijui kama ni kifupi cha kitu.

Wako,
Kokwijuka


Nyabiyonza,
17 Machi 2025

Bi. Kokwijuka,

Rejea barua yako ya tarehe 12.

Nimeisoma yote. Umeandika mambo mengi na jibu ni moja, haiwezekani. Nimefanya kazi na watu wa ofisini maisha yangu yote. Mtu wa ofisini akisema haiwezekani, mara nyingi ana maana kwamba hataki.

Unawezaje kupaka rangi mlango na ushindwe kupaka chumba? Mkwe wangu ana programu ya benki kwenye simu yake na orodha zake zina rangi, tena na picha. Theoneste wa kamati yetu anasema kuna kijana Omurushaka anayeweza kuimaliza kazi hii akiwa amesimama. Mimi nimekutetea kwa sababu namfahamu baba yako tangu akiwa Muleba na ni mtu wa kanisa.

Uliniambia nikuze maandishi kwa vidole viwili. Kwenye ukurasa nakuza, sawa. Kwenye orodha hiyo vidole havifanyi kitu. Umejaribu mwenyewe?

Manjano. Herufi nyeusi, nene, kubwa. Mavuno yako karibu.

Projest
Katibu

Neno hilo ulilouliza halina maana. Ni makosa ya simu.


Kayanga,
2 Aprili 2025

Shikamoo Mzee Katibu,

Nimejaribu. Nataka ujue nimejaribu kiasi gani, maana sitaki kuitwa mvivu na mtu anayemfahamu baba yangu.

Kwanza nilitumia njia zote za halali. Nilipata herufi nene kwenye kompyuta na hakuna kitu kwenye simu. Nikafuata ushauri wa watu wa mbali wanaoandika mitandaoni, kila mmoja ana ujanja wake, na kila ujanja unafanya kazi kwenye simu ya aliyeuandika. Nikaazima simu za wapangaji wenzangu wote hapa ninapoishi. Dada wa saluni amekataa kuniazima tena. Programu ya benki ya mkwe wako siyo tovuti, Mzee, ni kitu kingine kabisa. Inajengwa tofauti, na ina ofisi nzima ya watu nyuma yake.

Mwisho nimefanya kile nilichoapa nisikifanye. Nimeificha orodha halisi na kuunda ya bandia juu yake, kwa vipande vya kawaida vya ukurasa. Inafunguka kama orodha, inafungwa kama orodha, lakini kivinjari hakijui kwamba ni orodha. Kila kitu ambacho ile halisi ilikuwa inakifanya yenyewe, kufunguka, kuteleza, kuchagua, kufunga, nimekiandika mimi kwa mkono. Kwa hiyo kikiharibika kitu, kivinjari hakitanisaidia.

Ni ya manjano. Herufi ni nyeusi, na ni kubwa kuliko nilivyowahi kumwekea mteja yeyote. Nilitaka kuweka swali la “Una uhakika?” kabla ya kutuma lori, nikakumbuka ulisema tulipoanza kazi hii kwamba maswali mengi yanachosha, nikaliacha.

Iangalie uniambie.

Kokwijuka


Nyabiyonza,
5 Aprili 2025

Binti yangu Kokwijuka,

Nimeiona. Hujui umenifanyia nini. Nimekaa nayo kwenye kibanja, chini ya migomba palipo na mwanga mzuri, nikaifungua na kuifunga kama mtoto aliyepewa saa. Vituo vyote vinasomeka.

Nimemwambia Theoneste amwache kijana wake wa Omurushaka aendelee na shughuli zake. Kikundi cha Kibingo, kule Kyerwa, nao wanataka tovuti ya kahawa. Nimewapa jina lako na nimewaambia wewe ni fundi.

Nakuombea heri nukta

Projest


Kayanga,
19 Juni 2025

Mzee Katibu, shikamoo.

Mwenyekiti amenipigia leo asubuhi. Kwa alivyonieleza, juzi lori la kiwanda lilikwenda Ihembe, likakuta kituo kimefungwa na hakuna hata gunia moja. Wakati huohuo wanawake wa Nyabiyonza walikuwa wamekaa kituoni kwao na kahawa mbivu waliyoichuma alfajiri, wakingoja lori hadi jua linazama. Kahawa ilichemka ndani ya magunia. Kiwanda kimeikataa. Ya Mama Kokubanza yote imemwagwa, na mimi najua kwamba yule mama ni mjane na ule ndio mchumo wake mkubwa.

Mwenyekiti anasema umewaambia watu kwamba tovuti ndiyo iliyobadilisha kituo.

Nimefungua kumbukumbu. Ombi la lori lilitoka kwenye simu yako, kwa jina lako, na kituo kilichochaguliwa ni Ihembe. Tovuti haikubadilisha kitu. Ulibonyeza Ihembe, Mzee. Ningeomba tu uwaambie hivyo. Mtu yeyote anaweza kukosea kubonyeza.

Nimepiga simu yako tangu asubuhi, hupokei.

Kokwijuka


Nyabiyonza,
20 Juni 2025

Bi. Kokwijuka,

Nilichagua Nyabiyonza. Nimezaliwa Nyabiyonza, siwezi kuichanganya na Ihembe.

Nilipokutetea hukuniambia kwamba ikiharibika utanigeuzia mimi. Kamati inakutana Jumanne. Njoo na kompyuta yako utoe maelezo mbele ya watu. Mama Kokubanza atakuwepo.

Projest
Katibu


Kayanga,
25 Juni 2025

Mzee wangu, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaifuta. Naandika jinsi mambo yalivyokuwa jana, kwa sababu kuna sehemu ambayo wewe hukuiona na wengine hawakuielewa.

Nilikuja nimekasirika. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno yote. Mlikuwa mmekaa barazani, Mama Evangelina, Theoneste, wewe, na Mama Kokubanza peke yake pembeni akiwa amefunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kugombana. Nikasema, “Tusibishane. Katibu achukue simu yake, aite lori la majaribio kwenda Nyabiyonza, sote tuone.”

Ukachukua simu. Ukaipeleka pembeni ya uso, upande wa kulia, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ukuta. Orodha ikafunguka, ya manjano, na herufi nilizoziona mimi nikiwa nimekaa kiti cha pili. Halafu ukaweka vidole viwili ukaikuza. Herufi zile. Ukazikuza tena, hadi neno moja likajaza kioo. Na hapo nikaona kosa langu. Ukiikuza orodha ile ya bandia, majina yanasogea lakini mahali pa kugusa panabaki palepale. Sikuwahi kulijaribu hilo, kwa sababu sikuwaza kama kuna mtu atakayetaka kuzikuza herufi zile. Ulipogusa Nyabiyonza, ukurasa ulichukua Ihembe, iliyo juu yake.

Lakini haikuishia hapo. Kioo kilirudi na kuandika ILIYOCHAGULIWA: IHEMBE, juu kabisa. Nikakuuliza, “Katibu, imeandika nini?”

Ukatazama, ukasema, “Si unaona? Nyabiyonza.”

Theoneste alikuwa anamimina chai. Mama Evangelina alikuwa anatafuta miwani yake. Mama Kokubanza hajui kusoma. Hakuna aliyekiangalia kioo isipokuwa mimi na wewe, na wewe hukukiona.

Ndiyo maana nikasema kwa sauti kwamba mtambo wangu una hitilafu. Siyo uongo, unayo. Mama Kokubanza akaniambia, “Kwa hiyo ni wewe,” nami nikamwambia, “Ni mimi.” Nikafunga kompyuta nikaondoka, na najua sikuaga vizuri.

Leo kikundi cha Kibingo wameniandikia. Wamesikia habari za kahawa iliyooza na wameahirisha kazi, maana yake wameniacha. Nimekubeba mbele ya watu, Mzee. Sasa mimi ndiye nitakayeuliza, na nakuomba unijibu ukweli.

Huoni?

Kokwijuka


Nyabiyonza,
1 Julai 2025

Binti yangu,

Naandika hii nikiwa peke yangu kwenye kibanja. Siandiki kwa vidole. Naisemesha simu nayo inaandika. Ndiyo sababu ya lile neno ulilouliza, kuna wakati nasema nukta nikitaka ifunge sentensi, nayo inaandika kama nilivyosema. Sikulijua mpaka ulipouliza. Nikawa najizuia, na nikichoka nasahau.

Ni presha ya macho. La kushoto limekwisha tangu mwaka juzi. La kulia linaona katikati tu, kama unavyoangalia ndani ya bomba, na kwenye kivuli halioni kitu. Daktari alinipa dawa ya matone, akasema hairudishi kilichokwisha ila inalinda kilichobaki. Niliitumia kwa muda, nikaiacha. Chupa inakaa wapi katika nyumba yenye watu? Mke wangu, Placida, angeiona.

Utauliza kwa nini sikukuza herufi za simu yenyewe. Simu ya katibu hushikwa na kila mtu. Mwanachama anasema nipe nipige, Theoneste anasema nipe nione ujumbe wa kiwanda. Wangekuta herufi kubwa kama za bango la barabarani na wangejua siku ileile. Nikawaza, kama tovuti yenyewe ingekuwa na herufi kubwa, ya manjano, kwa wote, ingeonekana ni rangi za kikundi na hakuna ambaye angeuliza. Kikundi hakina rangi. Rangi nilizitunga mimi.

Hujui wanavyomfanya mtu akishaambiwa haoni. Hawamfukuzi. Wanamwambia apumzike. Kaka yangu Celestin walimwambia apumzike, na tangu hapo anaketi mlangoni akimenya maharage, na wageni wakija wanamsalimia mkewe. Mimi nimeanzisha kikundi hiki nikitembea nyumba kwa nyumba. Sitaki kumenya maharage.

Ukiwaambia watu, sitakulaumu. Ila nakuomba usiwaambie. Nirekebishie ile orodha ikubali kukuzwa, tuendelee.

Projest


Kayanga,
4 Julai 2025

Tata, baba yangu, shikamoo.

Sitamwambia mtu. Na orodha ya manjano sitairekebisha. Nimeshaifuta.

Soma hadi mwisho kabla hujakasirika.

Nimerudisha ile ya kijivu, ile mbaya, ya kivinjari. Miezi hii yote nimekuwa nikiitukana kwa sababu hainisikilizi. Ni kweli hainisikilizi mimi, lakini inaisikiliza simu ya anayeishika. Ukienda kwenye mipangilio ya simu yako ukakuza maandishi, orodha ile inakua nayo, bila kusogeza kitu. Ukiwasha sauti ya kusomea wasioona, unapitisha kidole juu ya vituo na simu inakutajia kila kimoja, na haichagui mpaka uguse mara mbili. Ya kwangu ya manjano, nimeijaribu jana kwa sauti hiyo. Simu ilipita juu yake kimya kabisa. Kwa mtu asiyeona, nilikuwa nimemwekea ukuta nikaupaka rangi nzuri.

Bado nina hasira na vivinjari. Wangeweza kutuachia rangi na herufi na bado orodha ikabaki orodha, hakuna kinachowazuia isipokuwa uzito wao wenyewe. Nilipoteza wiki mbili nzima na urafiki wa dada wa saluni. Ila hasira yangu kwako ni kubwa zaidi, na ni afadhali niiseme. Ungeniambia Machi kwamba huoni vizuri, ningekuonyesha mipangilio hiyo siku hiyohiyo. Uliniomba rangi, nikakupa rangi.

Safari hii nimeweka swali la “Una uhakika?” na halitoki.

Sasa sikiliza. Huwezi kutumia sauti hiyo kwa siri. Itasema kwa nguvu, watu watasikia, na ukivaa spika za masikioni watauliza unasikiliza nini. Kwa hiyo lazima uchague, na mimi siwezi kukuchagulia. Mkutano mkuu ni tarehe 12. Mama Kokubanza anaamini ni mimi niliyemwozeshea kahawa. Nusu ni kweli. Hiyo nusu nyingine ni yako, nami sitaibeba zaidi ya hapo.

Ukitaka nije kukufundisha sauti hiyo, nitakuja Jumapili baada ya ibada. Nitasema nimekuja kurekebisha mtambo.

Mwanao,
Kokwijuka


Nyabiyonza,
16 Julai 2025

Mwanangu Kokwijuka,

Nakushukuru kwa Jumapili ile. Nilikuwa mwanafunzi mbaya na ulinisema sana, lakini nimeishika. Nakuandikia yaliyotokea baadaye, kwa kuwa hukukaa kuyaona.

Mkutano mkuu ulijaa. Niliomba nafasi kabla ya taarifa ya Katibu. Nilikuwa nimeandaa hotuba nikaiacha. Nikasema tu, “Lori lilikwenda Ihembe kwa sababu sioni. Mtambo ulikuwa na kosa lake, lakini mtu anayeona angelikuta na kulisahihisha. Mimi sikuliona, na nikamwacha binti wa watu aseme ni yeye.” Nikakaa.

Mama Kokubanza akasimama. Sikumwona, niliisikia sauti yake ikipanda. Akasema, “Kwa hiyo kahawa yangu imeoza kwa sababu ya aibu yako.”

Nikasema, “Ndiyo.”

Theoneste akasema kwa upole kwamba labda Katibu amechoka, labda apewe nafasi ya kupumzika. Nilijua neno hilo litakuja. Nikaomba nionyeshe kitu kwanza. Nikawasha sauti kama ulivyonifundisha, nikapitisha kidole, na simu ikaanza kutaja vituo mbele ya watu wote. Inaita Nyabiyonza kama jina la dawa ya mifugo. Watu walicheka, hata wale waliokuwa wamenuna. Nikagusa mara mbili. Ikauliza kama nina uhakika. Nikasema mimi ninao, je, mkutano unao? Wakasema wanao.

Mama Kokubanza hakucheka. Akasema nibaki hadi mwisho wa msimu, kwa masharti. Kwamba lori halitaitwa tena nikiwa peke yangu nyumbani. Litaitwa kituoni, kwa sauti, waliopo wote wakisikia jina la kituo kabla sijagusa. Na kwamba palizi ya shamba lake msimu huu itafanywa na familia yangu. Mkutano ukakubali vyote viwili, nami nikakubali. Baada ya msimu watachagua upya. Sijui watamchagua nani na nimeacha kuliwaza.

Kibingo nilikwenda mwenyewe juzi, mkwe wangu akanipeleka kwa pikipiki. Niliwaambia habari yote. Walisema watakupigia wiki hii. Wameuliza kama unaweza kuwawekea orodha ya rangi ya kijani. Nimewaambia wakuulize wewe, ila wajiandae kwa jibu refu.

Imebaki habari ya nyumbani. Sikutaka Placida asikie mkutanoni kabla hajasikia kwangu, kwa hiyo asubuhi ya siku ile, akiwa anawasha moto, nilivuta kigoda nikakaa nikamwambia. Nilimwambia yote, jicho la kushoto, chupa ya dawa, barua zako. Nilikuwa kama kijana anayeposa.

Hakugeuka. Akaendelea kupuliza moto. Nikadhani hakusikia, nikaanza upya. Akanikatiza.

“Baba Vero, unafikiri ndoo na majembe ya nyumba hii huwa yanajiondoa njiani yenyewe?”

Nikamuuliza tangu lini. Akasema ni zamani. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliona ninajitahidi sana kuficha, akaona aniachie, ila amechoka kuamka kabla yangu kila siku kusafisha njia. Halafu akaniuliza chupa ya dawa iko wapi. Nikamwambia nimeitupa. Akanisema mpaka chai ikapoa.

Jana tumekwenda kuchukua nyingine. Anayenitia matone ni yeye, na mkono wake ni mzito.

Projest